Mforosadi Niliouziwa na Rabi

Aline, pamoja na wenzako wote mliobaki na funguo: nimerudisha za kwangu wiki iliyopita, na mfuko wangu wa kushoto bado unajishangaa kwa wepesi. Mliniomba niwaandikie kidogo jinsi ya kutunza jengo la sinagogi. Mabomba na fyuzi nimekwisha kuwaonyesha. Mshahara mnaujua. Vyeo havitachukua nafasi, kwa sababu nilistaafu na cheo kile kile nilichoanza nacho, ila walinibadilishia fulana. Hapa nitaandika yale ambayo hayaonyeshwi kwa kidole.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya elfu mbili, muda mfupi baada ya familia yetu kuletwa Sydney kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Tulipangiwa nyumba Merrylands, na kazi nikaipata upande wa pili wa jiji, karibu na bahari, katika sinagogi lenye shule ndogo ya msingi uani kwake. Nilikuwa sijawahi kukutana na Myahudi hata mmoja nje ya Biblia. Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino. Aliyenipokea ni Mzee Kev, mtunza jengo wa zamani, Mwaustralia mwembamba mwenye kofia iliyochakaa, ambaye naye hakuwa Myahudi. Aliniangalia viatu, akaniletea buti.

"Somo la kwanza," alisema tukiwa jikoni. Akanionyesha sifongo mbili. "Nyekundu ni ya vyombo vya nyama. Buluu ni ya vyombo vya maziwa. Usizichanganye kamwe."

"Na nikizichanganya?"

"Sema mara moja, usifiche. Watakasirika kidogo, kisha watajadiliana sana. Huo mjadala wataufurahia, kwa hiyo usione vibaya."

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. Siku ya Sabato, tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, washika dini hawawashi wala hawazimi taa. Tena hawapaswi kumwomba mtu mwingine awafanyie. Lakini Kev alinieleza kwamba hakuna kinachomzuia mtu kusema anavyojisikia. Nilimwitikia kama mtu aliyeelewa. Jumamosi yangu ya kwanza, katikati ya majira ya baridi, mzee mmoja aitwaye Bwana Ervin alikuja kusimama kando yangu chini ya hita.

"Humu ndani kuna joto kama kwenye tanuri," alisema.

"Pole sana, baba," nikamjibu.

Alisubiri. Akajifuta paji la uso. "Sijui kama nitafika mwisho wa ibada."

"Mungu atakusaidia, baba."

Kev, aliyekuwa mlangoni, alilazimika kutoka nje ili acheke. Aliporudi alinong'ona, "Mama Furaha, anataka uzime hita." Furaha ni binti yangu mkubwa, na mpaka nastaafu hakuna aliyewahi kuniita jina jingine pale. Tangu siku hiyo nilijifunza kusikiliza malalamiko kama fundi anavyosikiliza injini.

Sasa nifike kwa Mwalimu Judith, kwa sababu habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Alikuwa mwalimu wa biolojia aliyestaafu, mfupi, mwenye sauti ya kufika barabarani. Aliongoza kamati ya mazingira ya sinagogi na kila wiki aliwafundisha watoto wa shule habari za hewa, maji na miti. Mimi alinichukua niwe msaidizi wake wa bustani. Alisema ni kwa sababu nilikuwa na mikono mizuri. Kev alisema ni kwa sababu nilikuwa na ufunguo wa stoo.

Somo lake kubwa lilitoka kwenye Torati. Linapatikana hata katika Biblia zetu, Kumbukumbu la Torati: jeshi likiuzingira mji, lisikate miti ya matunda iliyoko pale. Walimu wa Kiyahudi waliipanua sheria hiyo tangu zamani, wakasema mtu asiharibu chochote chenye faida bila sababu. Na Mwalimu Judith aliipanua zaidi ya wote. Bomba linalovuja lilikuwa limevunja sheria hiyo. Taa iliyoachwa ikiwaka chooni, vivyo hivyo. Sahani za plastiki za kutupa, ambazo kamati ya chakula ilizipenda kwa kuwa hazijui nyama wala maziwa, alizipiga vita mpaka mwenyekiti wa kamati ile akawa anakula kona akimwona. Watoto waliishika sheria vizuri kuliko wazazi wao. Nimewahi kumwona mtoto wa darasa la pili akimfungia baba yake bomba huku baba bado ana sabuni mikononi.

Lakini naye alikuwa na mahali pake pa kuchekwa. Wayahudi wana sikukuu ya Mwaka Mpya wa Miti, na kwa desturi watoto hupanda miche siku hiyo. Sikukuu yenyewe huangukia Januari au Februari. Wale mnaoishi Sydney mnajua Januari ilivyo, na miaka ile kulikuwa na ukame, serikali imekataza kumwagilia kwa mpira. Mwaka wangu wa kwanza tulitoka na watoto mchana, udongo mgumu kama sakafu, kila mtoto ana kofia na mche wake.

"Mwalimu," nilimuuliza huku jasho linaniingia machoni, "kwa nini tunapanda leo?"

"Kwa sababu Yerusalemu mvua inanyesha," alijibu, akaendelea kuchimba.

Miche ile ilikufa yote. Mwaka uliofuata alihamishia upandaji Juni, na siku ya sikukuu yenyewe watoto walibeba ndoo za maji yaliyooshewa mboga jikoni wakanywesha miti iliyopo. Rabi Danny, kiongozi wetu, aliyekuwa kijana kuliko ndevu zake, alitangaza kwamba hayo ni mabadiliko mazuri sana. Bwana Ervin alitangaza kwamba yeye alisema hivyo tangu mwanzo, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Mti ulionyweshwa kuliko yote ulikuwa mforosadi, uliosimama kati ya shule na ukuta wa kaskazini. Ulikuwa mkubwa, umepita mfereji wa paa. Watoto waliupenda kwa sababu mbili: walikula matunda yake meusi kila Oktoba, na walichuma majani yake kulisha viwavi wa hariri waliowafuga kwenye maboksi ya viatu. Mimi niliuchukia kwa sababu moja. Tunda la mforosadi likianguka linaacha doa la zambarau, na doa hilo linaingia na viatu vya watoto hadi kwenye zulia la sinagogi. Nilisugua zulia lile mpaka nikalijua kila uzi.

Ndipo likaja suala la sola. Mwalimu Judith alikuwa amelipigania kwa muda mrefu, kikao hadi kikao, na hatimaye kamati kuu ikakubali kuweka paneli juu ya paa la shule. Siku ile ile aliingia darasa la sita, akawaahidi watoto kwamba kabla hawajamaliza shule, taa za darasa lao zitawashwa na jua. Walipiga makofi. Walichora majua, wakayabandika ukutani kwa gundi ambayo baadaye niliibandua kwa kisu.

Fundi wa sola alikuja, akapanda ngazi, akashuka upesi kuliko alivyopanda.

"Paa ni zuri," alisema. "Ila huo mti hauna budi kuondoka."

Huku kwetu kusini mwa dunia, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na kaskazini ndiko mforosadi uliposimama. Mwalimu Judith aliuliza kama kuupogoa kungetosha. Fundi alisema mforosadi ukiukata matawi leo, msimu mmoja tu umesharudi juu ya paa, na kivuli kwenye paneli moja huzivuta chini paneli nyingine zote. Aliuliza kama unaweza kuhamishwa. Fundi aliangalia mizizi ilivyopita chini ya ukuta, akacheka kwa adabu.

Mnaona tatizo. Mwanamke aliyefundisha miaka yote kwamba mti wa matunda haukatwi hata vitani sasa alihitaji kuukata mmoja ili kupata umeme safi. Watoto waliliona kabla hata ya kamati. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aitwaye Talia, mwenye nywele za kusimama na mkono usioshuka. Nilikuwa nabadilisha balbu darasani aliposimama.

"Mwalimu, ulisema hata jeshi haliruhusiwi."

"Nilisema, Talia."

"Kwa hiyo sisi ni wabaya kuliko jeshi?"

Mwalimu Judith alisema watalizungumza wiki ijayo. Sikuwahi kumsikia akiahirisha jibu, na nilishuka kwenye ngazi taratibu nisifanye kelele.

Kikao kilichofuata nilikihudumia chai. Wengine walisema sheria inaruhusu kukata mti ukileta hasara. Wengine wakasema kivuli si hasara. Bwana Ervin alikuwa na maoni mawili yanayogombana, akayatetea yote mawili. Mwisho Rabi Danny aliniangalia mimi na birika langu, nikajua kuna kitu kinakuja.

Wenzangu wa zamani mnajua kwamba kila Pasaka yao, Wayahudi hawaruhusiwi kumiliki mkate wala chochote chenye hamira, basi huviuza vyote kwa mtu asiye Myahudi na kuvinunua tena sikukuu ikiisha. Tangu Kev astaafu mnunuzi nilikuwa mimi. Kwa siku chache kila mwaka nilikuwa tajiri wa tambi, biskuti na wiski. Niliwahi kumuuliza Rabi, "Na nikivila?" Akasema, "Ni vyako. Ila ningefurahi ukinipigia simu kwanza." Kwa hiyo sikushangaa sana aliposema:

"Mama Furaha, ungependa kuwa na mti?"

Alieleza kwamba wapo walimu wa sheria wanaokubali njia hiyo, na wapo wasioikubali. Mti ukiwa mali ya mtu asiye Myahudi, pamoja na udongo ulioushika, yeye si wa kufungwa na katazo lile. Tukatoka nje, akanipa kitambaa chake cha mkononi nikishike, nikakinyanyua, na kwa desturi yao biashara ikawa imekamilika.

"Sasa sikiliza vizuri," alisema. "Sikuuzii ili uukate. Nikikuomba uukate utakuwa kama mkono wangu, na kazi yote imeharibika. Nakuuzia, basi."

"Na nisipoukata?"

Rabi aliangalia angani, mahali ambapo hakuna msaada ulioonekana. "Mti ni wako," alisema.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wenzangu kanisani Merrylands. Mama Espérance, rafiki yangu Mkongo aliyefanya kazi kwenye ghala kule Smithfield, alicheka mpaka kitenge kikalegea. "Dada, banakuuzisha muti? Sasa we ni propriétaire, mwenye mali! Nyumba yenyewe banakuuzisha lini?" Binti yangu alisikiliza yote kwa Kiswahili, kisha akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hilo ni jambo la mwanasheria na nisiguse chochote.

Kisha yakaja majuma ya manung'uniko. Hakuna aliyeweza kuniomba, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hali yake ya kunisimulia. Mweka hazina alipita na kusema umeme umepanda. Mke wake alipita na kusema hapa uani kungekuwa na mwanga mzuri sana kama si kitu fulani. Bwana Ervin aliniambia kwamba amesoma gazetini, misumeno ya siku hizi ni myepesi ajabu, hata mwanamke wa umri fulani anaweza kuibeba.

"Umri gani, baba?" nilimuuliza.

"Sikutaja umri wa mtu," alisema, akaondoka haraka.

Watoto nao walikuwa na mbinu yao. Walikuja stoo kila asubuhi, wamepanga mstari, wakiniomba ruhusa ya kuchuma majani yangu ya mforosadi. Talia alileta boksi la viatu na kunifunulia kiwavi mmoja mnene. "Huyu tumempa jina lako," alisema, kisha akanitazama kwa muda.

Nawaambieni ukweli: nilikuwa tayari kuukata. Kambini tulikokaa, mti ulikuwa kuni, na aliyechelewa alikuta kisiki. Hakuna aliyeniuliza kule kama mti unazaa. Isitoshe mforosadi ule ulikuwa umenila magoti, na nilitaka Mwalimu Judith apate sola yake, kwa sababu niliona alivyoihangaikia. Nilichongoja ni nafasi ya binamu yangu Léonidas, aliyekuwa na kazi ya kukata miti upande wa Bankstown. Akaniambia atakuja Jumatatu. Ijumaa alileta kamba zake, nikaziweka stoo.

Jumapili alasiri watoto walikuwa na kipindi cha bustani. Kipindi kilipoisha, Mwalimu Judith alikuja stoo kurudisha jembe, akaona kamba.

"Hizo si zetu," alisema.

"Ni za binamu yangu. Anakuja kesho na msumeno."

"Sijakuuliza."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nimekujibu."

Alipindua ndoo akaikalia. Sikuwahi kumwona akikaa saa za kazi. Niliendelea kupanga makopo ili asijione anatazamwa.

"Unajua nimewaahidi nini wale watoto," alisema.

"Najua. Nimebandua majua yao ukutani."

"Na unajua nimewafundisha nini."

"Hilo nalijua zaidi."

"Kesho kutwa watapata taa zao," alisema. "Halafu nitawaambia wafunge bomba, na watanitazama tu."

"Lakini wewe hutakuwa umekata kitu. Mti ni wangu. Rabi mwenyewe ameniuzia."

"Umewahi kumweleza Talia jambo la namna hiyo akalikubali?"

Nilifikiri. Ilibidi niseme sijawahi.

Nje, watoto wadogo walikuwa bado wanagombania matawi ya chini ya mforosadi, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake aniombe ruhusa kwanza. Nikaweka kopo chini.

"Mwalimu, huwezi kuniomba niukate."

"Siwezi."

"Je, unaweza kuniomba nisiukate?"

Nilimwona akipekua kichwani kila kitabu alichowahi kusoma, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba mkubwa.

"Hilo," alisema mwishowe, "sijawahi kusikia mtu aliyelikataza."

"Basi niombe."

"Tafadhali, Mama Furaha, usiukate mti wako."

Alisema moja kwa moja, bila joto, bila giza, bila habari za gazetini. Nilimpigia simu Léonidas pale pale. Alikasirika, maana alishajaza petroli, akaniuliza hawa watu wanataka nini hasa. Nilimwambia wanataka vyote viwili, kama watu wengine wowote.

Paneli ziliwekwa hatimaye, chache kuliko ilivyopangwa, juu ya paa la vyoo vya watoto, linaloelekea magharibi na kupata jua la alasiri tu. Fundi alifanya kazi yake huku akitikisa kichwa. Mweka hazina hakunisalimia kwa kitambo. Na mforosadi hakuna aliyekumbuka kuununua tena, mpaka leo. Kwa hiyo Aline, akija mtu pale na msumeno usibishane naye. Mwambie mwenye mti anakaa Merrylands na bado hajauza.

Walibaki darasa la sita. Mwalimu Judith alikataa Rabi asiwaeleze kwa niaba yake, akakataa pia kuwapelekea keki. Aliingia mikono mitupu, nami nilijipa kazi ya kukaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea. Aliwaambia kwamba alitoa ahadi kabla ya kuangalia juu ya paa, na kwamba darasa lao litamaliza shule likiwa na taa zile zile za siku zote. Hakutaja sheria wala kitambaa. Alisema alikuwa na mambo mawili, akachagua moja, na lile jingine ndilo walilokuwa wakilingojea wao, naye anawaomba radhi.

Kisha mkono wa Talia ukapanda.

"Kwa hiyo vyoo tu ndivyo vinavyotumia jua?"

"Vyoo tu."

"Yaani ni vyoo ndivyo vitakavyoiokoa dunia?"

Wengine walianza kucheka, na nilimwona Mwalimu Judith akiuma mdomo ili naye asicheke.

"Ndiyo, Talia," alisema. "Na ukitoka, zima taa."

Talia alimtazama, akapima, kisha akatoa daftari akaandika. Hakuuliza kwa nini.